Hatua Sitini za Ardhi Kavu

Uligeuza uso. Usinikatalie, nilikuona. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa Ofisi ya Mipango kwa gundi ya unga wa muhogo, karatasi yenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Ulipita na kikapu chako, ukasoma kichwa chake, ukaliona neno "bonde", ukaliona neno "pingamizi", ukaona "siku ishirini na moja", halafu ukainama kutazama viatu vyako kana kwamba ndivyo vilivyokuita. Ukaenda zako. Ulijiambia kwamba wenye bonde watasema. Wenye bonde nao walikuwa wamekaa vibarazani wakisubiri wanaojua kusoma waseme. Ndivyo dunia inavyopotea, ndugu yangu. Haimhitaji mtu mmoja mwovu mwenye pembe. Inatosha kuwa na watu wengi wema, kila mmoja amemwachia mwenzake nafasi ya kuongea.

Mimi niliongea. Ndiyo kazi yangu, ingawa hakuna aliyeniajiri. Shule sikwenda. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya mbolea na kwenye vibao vya kukataza watu kupita, na kanuni za serikali nilizisoma nikiwa nimesimama nje ya dirisha, kwa kuwa karani hakunipa kiti hata siku moja. Mji mzima unaniita Kipaza. Wengine wanaliita jina hilo kwa heshima, wengine huliita huku wakiziba masikio. Yote nayakumbuka, nani aliziba na nani alisikiliza, na mwaka gani.

Lakini mwaka ni neno gumu hapa kwetu. Lazima nikueleze jinsi siku zinavyokwenda katika mji huu. Tangazo likishabandikwa, huja siku ya kumi na nane, huja ya kumi na tisa, huja ya ishirini, halafu huja ya ishirini tena. Watu huamka, hutazama kalenda, huona bado ipo siku moja, hufarijika, huendelea kumenya mihogo. Kesho yake ni ya ishirini. Sijui tumeishi ndani ya siku hiyo kwa muda gani. Ndani yake nimeota mvi. Ndani yake mdogo wangu Masele alioa, akazaa mara moja, akafa. Ndani yake Mpimaji amekuja mara tatu.

Na kila mara alikuwa yule yule. Mara ya kwanza alikuja na mnyororo wa kupimia, baba yangu akiwa hai, akasimama ukingoni, akaziba pua, akasema bonde ni ugonjwa, likaushwe. Bonde likapungua. Mara ya pili alikuja na utepe wa chuma, akasema bonde ni uvivu, maji yamelala bure, palimwe. Likapungua. Mara ya tatu alikuja na chombo chenye miguu mitatu na jicho moja la kioo. Baba yangu alikuwa ameshaoza, mimi magoti yanalia, na yeye uso wake haukuwa na kunyanzi hata moja. Safari hii akasema bonde ni hazina. Alisema linachuja maji ya mji, linazuia mafuriko, lina ndege na vyura wa thamani. Mtu akilidharau bonde langu namjua, nina maneno ya kumjibu. Akilisifu, naogopa.

Nilikuwa na haki ya kuogopa. Alituita ukumbini akatueleza. Soko la ghorofa litajengwa bondeni, maduka mia mbili, stendi, vyoo vya kuvuta maji. Ila kanuni mpya inasema anayefukia maji lazima azae maji mengine. Kwa hiyo juu ya kilima, kule kwenye changarawe, litachimbwa bwawa lenye ukubwa ule ule na kina kile kile. Jina lake Bwawa la Badala. Kila funjo lenye mizizi litang'olewa, litahesabiwa, litapakiwa kwenye lori, litapandwa upya kule juu.

"Mheshimiwa," akasema Bibi Kalunde, muuza nyanya, mwanamke ambaye hata akikupa pole unajiona umetukanwa. "Mimi na soko hatuna ugomvi. Tangu nivunje ungo nauzia kwenye tope. Mteja akija kwangu kwanza namnasua mguu, ndiyo namuuliza anataka fungu ngapi. Nataka paa."

Ukumbi ukacheka. Mpimaji akatabasamu. "Utalipata, mama."

"Haya. Na hayo maji, yatakwea kilima yenyewe, au utayabeba kwa mbeleko?"

"Yatapelekwa na gari la maji."

"Na vyura je? Watafungwa mikanda?"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka, ndipo nikahisi shati langu likivutwa kwa nyuma. Alikuwa Nyamizi, mjane wa mdogo wangu. Kwa kawaida shemeji yangu huyu ndiye wa kwanza kucheka, na akinivuta shati ni kuniambia kwamba nimelivaa ndani nje. Safari hii hakuwa anacheka.

"Shemeji. Amesema kila funjo?"

"Kila funjo."

"Hata ya ukingoni?"

Sasa inabidi nikwambie jambo ambalo kwetu halisemwi.

Mtoto akifa kabla ya kupewa jina, hatumziki kwenye ardhi kavu. Hajashiba maziwa, tunasema, ukimlaza pakavu atalia kiu mpaka tumbo la mama yake lisikie na lijifunge. Tunampeleka ukingoni mwa bonde, pale ambapo ukikanyaga maji hupanda katikati ya vidole. Wanaume hawaendi. Mama huenda na wanawake wawili, wanamlaza, na juu yake mama hupanda tunguu la funjo, ule mzizi mnene, na likichipua hulifunga shingoni kitambaa kilichochanwa kwenye kanga aliyombebea. Funjo hilo halikatwi kwa mkeka. Likizeeka huota jingine pembeni. Na hapatajwi. Mwanamke akipita pale na wenzake, wote hunyamaza hatua sitini, halafu wanaendelea na umbea wao palepale walipouacha. Nimekua nikiusikia ukimya huo ukipita, una urefu kamili, unaweza kuupima.

Nyamizi ana mmoja pale. Hakupata mwingine. Kwa mila zetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, mimi ndiye baba mkubwa, na wala sijui alikuwa wa kike au wa kiume.

Fomu ya Mpimaji ilikuwa na safu ya mimea, safu ya ndege, safu ya vyura, safu ya samaki. Nilimuuliza kama ina safu ya vingine. Akaniambia, "Vingine kama nini, mzee?" Nikafungua mdomo. Mimi, Kipaza. Nikaufunga.

*

Nilipanda kilima kulitazama hilo Bwawa la Badala.

Shimo la mraba, pembe zake zimenyooka kama kaburi la mtu mkubwa. Chini wametandika nailoni nyeusi ili changarawe isinywe maji. Mafunjo ya majaribio yamepandwa kwa mistari kama wanafunzi wa gwaride, kila moja na kibati chenye namba. Vyura walioletwa kwa ndoo walikuwa wamekaa ukingoni, wote wameelekeza nyuso upande mmoja, kule bondeni. Hakuna aliyelia. Niliingiza mkono majini. Yalikuwa na joto la bomba.

Mpimaji alikuwapo. Huwapo kila mahali ambapo kitu kimekamilika.

"Sema kweli, mzee. Limekosa nini? Eneo ni lile lile. Kina ni kile kile."

Nikakumbuka matanga ya Masele. Ilipofika siku ya kumaliza msiba, wazee wa ukoo walinikalisha chini wakaniambia nimrithi mjane. Walisema mimi na marehemu kimo kimoja, hata suruali zake zitanitosha. Nyamizi aliitwa akaulizwa. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni akasema, "Suruali zitamtosha, ndiyo," halafu akacheka, akacheka, mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine na wanawake wakamtoa nje. Wazee waliona aibu. Hakuna aliyerudia swali.

Kimo ni kile kile. Hili ndilo swali ambalo limenila maisha yangu yote na sina mwalimu wa kumpelekea: kitu ni kitu kwa sababu ya kile kinachopimika ndani yake, au kwa sababu ya kile kinachobaki ukishamaliza kupima? Nikikutoa wewe, nikaweka mwingine mwenye uzito wako, sauti yako, deni lako la chumvi kwa jirani, nimekurudisha? Wenye nguvu wana jibu. Wanasema ndiyo, na jibu lao lina muhuri. Mwenye kipimo ndiye huamua kilichopo. Kisicho na safu hakijafa, maana hakikuwahi kuishi. Niliwaza hivyo nikiwa nimechuchumaa, na mmoja wa wale vyura akajirusha, akaangukia nje ya nailoni, kwenye changarawe, akaanza kuteremka kilima. Akaruka mara tatu, akapumzika. Akaruka mara mbili.

"Huyo ameshahesabiwa," Mpimaji akasema kwa upole. "Hapungui."

*

Sasa nitasema nilichofanya. Ukitaka kunichukia, foleni ni ndefu, na mbele kabisa nimesimama mimi mwenyewe.

Niliteremka na hasira yangu kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kiganja. Nikawaendea wanawake kisimani. Nikawaambia: watakuja na lori, watawang'oa, watawapiga kibati chenye namba, watawasimamisha kwenye nailoni juu ya kilima, kwenye kiu. Sikutaja ni nani. Kila mmoja alijua. Nikawaambia: watangulieni. Ng'oeni yenu wenyewe kabla hawajafika, yawekeni nyumbani kwenye maji, yaficheni mpaka wapite.

"Una uhakika, Kipaza?" Bibi Kalunde aliniuliza. Hakuwa na utani.

"Nimeisoma kanuni."

Niliisoma, ndiyo. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya nne, karani alikuwa amefunga dirisha.

Alfajiri walishuka. Niliwatazama toka mbali, migongo imeinama, hakuna aliyezungumza. Waling'oa kwa mikono, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni bila kutaka kumwamsha. Walirudi na mabeseni vichwani, majani ya mafunjo yakiwayumbia juu kama nywele za watu wengine. Nyamizi alipita mbele yangu na beseni la bluu. Kitambaa shingoni mwa funjo kilikuwa kimepauka, hakina rangi tena, lakini fundo lilikuwa lile lile alilofunga akiwa na miaka ishirini na mbili.

"Zito," alisema. "Sikujua litakuwa zito hivi."

Na saa tatu asubuhi Mpimaji akaja kuweka mpaka.

Hakuuliza habari ya bonde limeanzia wapi tangu enzi. Hakuuliza maji hufika wapi masika. Alitembea ukingoni akitazama mimea, kwa sababu hivyo ndivyo kanuni inavyosema: bonde linaishia pale funjo la mwisho lenye mizizi linaposimama. Akafika pale, akakuta mashimo madogo madogo yameshaanza kukauka. Akarudi nyuma. Akahesabu hatua. Akapiga kigingi cha mti chenye rangi nyekundu.

"Hapa ni pakavu," alisema. "Hatua sitini. Hapa hapahitaji badala. Ujenzi unaweza kuanzia hapa."

Unaelewa? Tungetulia, yangehesabiwa kama majani, lakini yangehesabiwa. Ardhi ingebaki kuwa maji mbele ya sheria, na kila hatua yake ingedai badala, ingekuwa mwiba kwenye koo la mradi. Tulipoyaficha, tuliipa serikali ardhi kavu bila hata yenyewe kutuomba. Wanawake wale waling'oa ushahidi kwa mikono yao, na mdomo uliowatuma ni huu.

Nilimkimbilia. "Mheshimiwa, hapa palikuwa na mafunjo jana."

"Jana?" Akanitazama kwa huruma ya kweli, nadhani, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mzee, mimi napima leo."

*

Sikwenda kwa Nyamizi siku hiyo. Wala ya pili. Ya tatu nilikwenda, nikamkuta uani amekaa chini, miguu amenyoosha, beseni katikati ya miguu. Funjo lilikuwa limeanza kugeuka njano kwenye ncha.

"Karibu, shemeji. Mkeka upo, jitandikie."

Sikujitandikia. Nilisimama kama vile ninavyosimama dirishani kwa karani.

"Nimelibadilishia maji," alisema. "Ya mvua, ya kisima, hata ya kule kule bondeni nimeleta kwa ndoo. Halitaki. Au ni mimi nisiyejua. Kule sikuwa nalilisha, lilikuwa linajilisha. Shemeji, naomba unieleze, wewe unayesoma. Mtoto yuko wapi sasa? Yuko humu kwenye beseni, au alibaki kule?"

"Alibaki kule."

"Kule kwenye pakavu."

"Ndiyo."

"Na humu nina nini?"

Maneno yote niliyoyahifadhi tangu enzi za mnyororo, hotuba zote, majina yote ya waongo wote, niliyatafuta nikakuta hayapo. Nilisema pole.

"Usinipe pole. Miaka yote hii nilikuwa nikipita pale nanyamaza hatua sitini. Hizo ndizo zilizokuwa mazungumzo yangu naye. Wewe umezitoa, ukawapa wale watu wapige vigingi." Hakupaza sauti. Alichovya vidole kwenye maji akayalainisha majani, moja moja. "Umenifuta, shemeji. Hukukusudia. Lakini umenifuta."

Bado nimesimama kwenye ua ule. Natembea, nala, naandika haya, lakini nimesimama pale. Nasema na nafsi yangu. Wewe Kipaza. Ulitaka nini hasa? Kuwaokoa? Au kuwa wa kwanza kusema? Ulipigana na wenye kipimo miaka yote, ukajifunza lugha yao, ukafikiri kuijua robo tatu kunatosha kuwaongoza watu. Baba alilia bonde linapokaushwa. Ulimwona. Uliapa. Haya, kiapo chako hicho hapo, kinageuka njano kwenye beseni.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja dirishani. Nilimwambia karani sitaondoka mpaka anipe karatasi ya nne. Akanipa, nadhani kwa kuogopa uso wangu. Ilikuwa na aya moja tu yenye maana. *Ubishi wa mpaka utasikilizwa palepale penye ubishi, kabla ya saa sita mchana ya siku ya ishirini na moja, wapingaji wasiopungua thelathini wakiwa wamesimama hapo wenyewe, na mmoja wao akitamka kwa sauti kilichopo chini ya ardhi hiyo.*

Akitamka kwa sauti. Nilirudi kwa Nyamizi nikamsomea. Bibi Kalunde alikuwa amekuja na nyanya zilizobaki, akakaa kusikiliza.

"Hapatajwi," alisema Nyamizi.

"Hapatajwi," nikakubali.

"Akitaja mtu, mauti hufunguliwa mlango kwa watoto wengine."

Bibi Kalunde alikuwa akiipangusa nyanya moja kwa pindo la kanga, akiizungusha, akiipangusa tena. "Mimi ninao wawili pale," alisema. Nyamizi akageuka kumtazama. Majirani miaka thelathini, na hakuwa akijua. "Pacha. Msinitazame hivyo. Na soko bado nalitaka, nimezeeka kwenye tope. Nataka paa. Lakini sitaki nguzo yake ipite kwenye vifua vya watoto wangu. Wakisogeza hatua sitini watakosa nini? Wanayo nchi nzima." Akaiweka nyanya chini. "Kama ni kutamka, nitatamka mimi. Tumbo langu limeshafunga siku nyingi, mlango ukifunguka mauti hayana pa kuingilia."

"Hapana," alisema Nyamizi. Alishika beseni kwa mikono miwili. "Wangu nitamtamka mwenyewe."

*

Leo asubuhi nilitazama kalenda na haikuwa siku ya ishirini.

Ni saa tano na robo ninapoandika hapa, kwenye goti langu, ndani ya hizo hatua sitini. Katapila limewashwa nje ya vigingi, linatetemesha udongo, na kila likitetemesha maji kidogo yanapanda katikati ya vidole vyangu, kwenye ardhi ile ile iliyoandikwa kavu. Mpimaji ameketi kivulini na saa yake. Hana haraka. Wanawake wamerudi na mabeseni, kila mmoja amesimama mahali anapopajua yeye. Mengine yamekufa. Wameyaleta hivyo hivyo. Bibi Kalunde amesimama na beseni moja lenye matunguu mawili na anamtukana dereva wa katapila polepole, kwa maneno ya kitambo ambayo dereva hayajui.

Nyamizi ameshatamka. Alisema: "Hapa yupo mwanangu. Alikuwa wa kike. Aliishi asubuhi moja." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Sikujua mpaka leo kwamba nilikuwa na binti.

Mpimaji ameandika. Halafu amehesabu vichwa, kwa kidole, mara mbili, kwa uaminifu kabisa. Tuko kumi na tisa.

Kumi na tisa. Kanuni inataka thelathini. Sina hotuba, na hata ningekuwa nayo, nilishaona inapeleka watu wapi. Sitaki uniamini. Sitaki uulilie ukurasa huu, ukifuta macho yako utakuwa umepoteza dakika mbili. Soma kanuni mwenyewe ukifika, karatasi zote nne. Lakini fika. Inuka hapo ulipoketi, sasa hivi, acha chakula jikoni kiungue. Gonga mlango wa jirani, mshike mkono, njoo naye. Pita kati ya vigingi, vua viatu, ingia kwenye udongo mpaka vifundoni, usimame uhesabiwe. Nyamizi amelibeba beseni hili tangu alfajiri. Shika upande wa pili.